Simama Kwanza, Ndipo Upige Chata

Pedi yangu ya kuchezea gemu niliinunua Kariakoo kwa shilingi 18,000 baada ya kuvutana sana na muuzaji, na kijiti chake cha kushoto kina ugonjwa. Ukikiacha bila kukigusa, chenyewe kinavuta kidogo kuelekea kulia, kama gari linalodai alaimenti. Kwenye gemu la mpira si neno. Winga wangu anapenda kona ya kulia, basi namwacha aende. Ila kuna gemu moja ambalo ugonjwa huo umeniharibia usiku mzima.

Linaitwa Jet Set Radio. Kijana mwenye viatu vya magurudumu, jina lake Beat, yuko kwenye stendi ya mabasi ya mtaa uitwao Shibuya-cho, mchana kweupe, na mbele yake kuna ukuta mrefu ambao lazima aupige chata. Ukuta mdogo unamalizana nao kwa kubonyeza mara moja tu. Ukuta mkubwa una masharti. Unasimama, kopo la rangi linatoka, na kwenye skrini zinakuja alama za kukuonyesha kijiti ukipeleke wapi: nusu duara kwenda kushoto, kisha juu, kisha duara zima, kwa mfululizo, na ukikosea unapoteza muda. Huku unahangaika hivyo, polisi wanakuja. Huwaoni vizuri, maana macho yako yako ukutani, lakini unawasikia. Nusu duara ya kushoto: pedi inakataa. Kelele zinasogea. Nusu duara tena: inakataa. Wa kwanza amesharuka mgongoni.

Niliweka pedi chini nikacheka peke yangu, saa nane usiku, Tabata, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka herufi E. Hiyo E nitaifikia.

Gemu lenyewe ni la zamani. Lilitoka Japani tarehe 29 Juni 2000, na mwaka huo mimi nilikuwa na miaka tisa. Banda la gemu la mtaani kwetu lilikuwa na PlayStation mbili, televisheni mbili za inchi 14 na benchi moja la mbao lililotupasua kaptula wote. Ulicheza Tekken au mpira, ukifungwa unampisha mwenzako. Dreamcast, mashine ya Sega ambayo gemu hili lilitengenezewa, sikuwahi kuiona kwa macho yangu. Wajapani wenyewe hawakukaa nayo muda mrefu: walianza kuuziwa Novemba 1998, na Januari 2001 Sega wakatangaza kwamba wanaacha kutengeneza mashine za gemu, watabaki na magemu peke yake. Kwa hiyo Jet Set Radio lilizaliwa kwenye nyumba iliyokwisha kupigwa X. Kwa msomaji asiye wa Dar: X ni ile alama nyekundu inayopakwa kwenye ukuta wa nyumba iliyo ndani ya eneo la barabara. Ukiamka ukaikuta kwako, anza kutoa mabati.

Dreamcast hatukuwa nayo, lakini Japani yenyewe tulikuwa nayo mtaani. Vipanya vyetu, zile Hiace za daladala, vingi vilikuja na maandishi ya Kijapani ubavuni, na wenye gari hawakujisumbua kuyafuta. Walipaka mstari wa rangi ya njia, wakaandika vituo, wakaacha yale mengine yaendelee kututangazia kitu tusichokijua. Huenda ni jina la shule ya chekechea, huenda ni hoteli. Nilikua nikiamini kwamba gari zuri lazima liwe na herufi ambazo hazisomeki. Baadaye yakaja magari yanayoongea. Baba mdogo alikuwa na Toyota ambayo ukiwasha tu, mwanamke wa Kijapani anasema sentensi moja ndefu kwa heshima zote, na baba mdogo kila asubuhi alimjibu, "Marahaba."

Na redio. Kila aliyewahi kununua gari lililotumika Japani anaijua shida hii: kule masafa ya FM yalianzia 76 yakaishia 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Mpaka fundi akufungie kile kidude cha kubadilisha masafa, gari lako linakamata stesheni moja, mbili, na mvumo mwingi. Mimi nilipenda kuzungusha kile kitufe kwenda chini kabisa, 78, 77, 76, nikisikiliza mvumo, nikiwa na uhakika kwamba kuna mtu huko anaongea ila tu yuko mbali.

Gemu linaanza na huyo mtu. Ni DJ mwenye rasta, anaitwa Professor K, anaendesha redio isiyo na leseni jijini Tokyo, ambayo kwenye gemu inaitwa Tokyo-to, na kila unapomaliza eneo anakurudia na habari za mtaa: genge gani limeingia eneo la nani, polisi wamekasirika kiasi gani. Anapiga kelele kama konda wa Mbagala saa kumi na mbili jioni. Mara ya kwanza kumsikia, mwaka ambao nilinunua toleo la kompyuta kwa punguzo, nilisema, kumbe ndiyo iliyokuwa pale kati ya 76 na 90.

Waliolitengeneza ni kikosi cha ndani ya Sega kilichoitwa Smilebit. Mwongozaji ni Masayoshi Kikuchi, na aliyesimamia sura yake ni Ryuta Ueda. Sura hiyo ndiyo iliyowatoa watu macho mwaka 2000. Miaka ile kila mtengeneza gemu alikuwa akikimbilia uhalisia: ngozi ionekane ngozi, chuma king'ae, kivuli kiyeyuke taratibu kwenye mwanga. Hawa wakafanya kinyume. Upande wenye mwanga wakaupa rangi moja, upande wa kivuli rangi nyingine, hakuna ya katikati, halafu wakazungushia mtu mzima mstari mweusi mnene. Beat anaonekana kama amechorwa, na bado anazunguka, anaruka, unamwona mpaka mgongoni. Lilikuwa miongoni mwa magemu ya kwanza kabisa kufanya hivyo. Miaka miwili na ushee baadaye Nintendo nao wakatoa gemu lao la Zelda lenye sura ya katuni, na mtindo ukawa wa kawaida.

Mtanzania hahitaji maelezo marefu ya ufundi huu. Pita Oysterbay, pale Morogoro Stores, uangalie Tingatinga. Ndege ni mwekundu, basi ni mwekundu wote, na mstari wake umekaa pale pale. Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za dukani na vipande vya hadibodi, na rangi ya dukani haikupi nafasi ya kubembeleza kivuli. Inakauka, inang'aa, umemaliza. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi akafa, kwa kumdhania mhalifu anayetoroka. Sikuwa na nia ya kuandika hilo hapa, lakini huyo kapteni wa polisi kwenye gemu, Onishima, mwenye koti refu na bastola kubwa kuliko akili yake, kila anapoanza kufyatua risasi mchana kweupe kwa sababu ya kopo la rangi, watu wanacheka. Mimi nacheka nusu.

Mji wao una vitongoji vitatu vikuu, na kila kimoja kina saa yake. Shibuya-cho ni mchana, maduka na stendi. Benten-cho ni usiku, taa za biashara juu hadi chini. Kogane-cho ni jua linazama, nyumba za watu wa kawaida, mto, reli, na rangi ya chungwa iliyomwagika juu ya kila kitu. Hapo ndipo ninapopapenda, hata nikiwa sina kazi napo nakwenda kuzurura. Magenge yamegawana: Love Shockers, wasichana walioumizwa na mapenzi, wana Shibuya, Noise Tanks wana Benten, Poison Jam, majibaba yaliyovaa vinyago, wana Kogane na mitaro yake ya maji machafu. Genge lako, GG, linafuta chata zao na kuweka zake. Ukipambana nao uso kwa uso hupigani ngumi. Unamfukuza mtu, ukimfikia unampulizia rangi mgongoni. Siku zote nimeona hiyo ni adabu nzuri sana ya ugomvi.

Hadithi yenyewe ni ya kubeba tu. Tajiri mmoja, Goji Rokkaku, anataka kuutawala mji kwa kutumia sahani ya santuri inayosemekana inaita shetani. Mwishoni inabainika kwamba ilikuwa santuri ya kawaida. Toleo la Marekani na Ulaya liliongezewa mitaa inayofanana na New York, na Marekani lilibadilishwa jina likaitwa Jet Grind Radio kwa sababu ya mambo ya haki za jina. Hayo yapite.

Muziki siwezi kuupitisha. Hideki Naganuma, aliyetunga sehemu kubwa ya nyimbo zake, anachukua sauti za watu na kuzikatakata kama mchicha. Neno linaanza halimaliziki, linarudi nyuma, linagongana na ngoma, na ukijaribu kuimba unajikuta unaimba silabi ambazo si lugha ya mtu yeyote. Mke wangu haupendi. Anasema ni kama redio imeingia maji. Lakini ameshakamatwa mara mbili jikoni akiuimba huku anakuna nazi, na nazi inakunika kwa mdundo.

Sasa turudi ukutani, maana ndiko nilikotaka kufika.

Magurudumu ya gemu hili hayataki kusimama. Kila kitu kimetengenezwa uteleze: vyuma vya ngazi, kingo za barabara, nyaya, reli. Viatu vina nguvu ya sumaku, hata kusukuma hakuna haja. Unapanda kwenye chuma, unateleza, unaruka kwenye kingine, muziki unakusukuma, unajisikia mwepesi kama pulizo. Halafu gemu hilo hilo linakwambia: kazi iliyokuleta ni ile ambayo huwezi kuifanya ukiwa mbioni. Teremka. Simama. Upe mji mgongo. Kadiri ukuta ulivyo mkubwa na wa kuonekana na watu wengi, ndivyo utakavyosimama zaidi, na ndivyo polisi watakavyopata nafasi ya kukufikia. Kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Kuna mabomu ya machozi. Mbele zaidi kuna helikopta. Na wewe uko pale na nusu duara yako.

Watu wengi waliolichezea utotoni wanalalamikia hapo. Wanasema kunakata mwendo. Nakubali kwamba kunakata mwendo, na nakubali pia kwamba gemu lina makosa yasiyo na utetezi. Kwa mfano, kitufe cha kurekebisha kamera ndicho hicho hicho cha kupulizia rangi, kwa hiyo unataka kuangalia mbele, unajikuta unachora, au unataka kuchora, kamera inakuzungukia. Aliyepitisha hilo alikuwa amechoka. Lakini kusimama ukutani si kosa. Aliyeliweka anajua kuchora ni nini. Miongoni mwa walioshiriki kwenye michoro yake ni Eric Haze, mchoraji wa ukutani wa New York tangu enzi za treni, kwa hiyo ndani ya nyumba kulikuwa na mtu aliyewahi kusimama kweli.

Mimi pia niliwahi kusimama, ila nilikuwa nimeshika tochi.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa anachora daladala. Hii ni kama mwaka 2009, mimi nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo, na yeye alinichukua kama msaidizi asiyelipwa. Gari haliwezi kuchorwa mchana, maana mchana linatafuta hesabu ya tajiri. Linaletwa gereji saa nne usiku, likiwa bado la moto, na saa kumi na moja alfajiri lazima liwe barabarani limekauka. Hapo katikati ndipo unapofanya unachofanya. Polisi hakuna, lakini saa ipo, na inahesabu kurudi nyuma kweli kweli.

Kaka alianza kwa sabuni ya unga na tambara, kuondoa mafuta. Kisha karatasi ya gundi pembeni. Kisha chaki: anapima herufi kwa shubiri, anaweka alama, anafuta, anapima tena. Kopo linakuja mwisho. Analitikisa mpaka ile gololi ya ndani ibadilishe mlio, kutoka mlio mkavu kwenda mlio wa kitu kilicho ndani ya uji. Halafu anashusha pumzi, anaishikilia, na mkono unaondoka wote kuanzia begani. Kiwiko hakikunjiki. Ukikunja kiwiko, mstari unakunja.

Usiku huo tulichelewa, gari lililetwa karibu saa saba. Tajiri alitaka nyuma kabisa, kwenye kioo na chini yake, iandikwe WAACHE WASEME. Kaka akaangalia saa, akaacha chaki. "Hii naijua kwa macho," akasema. Akaanza. Herufi zilikuwa nzuri mno, nene, zenye kivuli cha bluu, kila moja imekaa kama mheshimiwa. Mimi nilikuwa nimeshika tochi kwa mikono miwili, nimesinzia wima, mwanga unashuka, ananipigia mluzi, mwanga unapanda. WAACHE. WASEM. Halafu mluzi ukakatika.

Nilipofungua macho alikuwa amerudi nyuma hatua tano, anatazama. Gari lilikuwa limekwisha. Baada ya M kulikuwa na upana wa vidole viwili, kisha taa ya nyuma.

"Dogo," akasema, "E imekosa siti."

Sikujua nijibu nini.

"Itasimama," akasema, akarudi na kopo.

Akaichora ndogo, nyembamba, imeegemea taa, imening'inia kama abiria wa mlangoni. Tajiri alipoiona asubuhi alikata nusu ya malipo na kusema maneno ambayo mwenye gari hakupaswa kuyasema juu ya gari lake mwenyewe. Lakini lilikwenda barabarani hivyo hivyo, na likakaa hivyo zaidi ya miaka miwili. Watoto wa mtaani waliliita Wasem. "Wasem hiyo inakuja!" Mpaka konda alijibu akiitwa hivyo.

Gemu linapoanza, toleo la Marekani linaweka onyo kwamba kuchora ni sanaa, ila kuchora kwa kuharibu mali ni kosa la jinai lenye faini na jela. Naelewa kwa nini wanasheria walilitaka. Kwetu jambo hilo lina ukungu zaidi. Kuta za Dar zinaongea kutwa: USIKOJOE HAPA, NYUMBA HII HAIUZWI, namba ya simu ya mganga kutoka Sumbawanga, na juu ya zote ile X nyekundu, ambayo haiombi ruhusa ya mwenye ukuta. Lipo kundi la wachoraji hapa Dar linalojiita Wachata, na michoro yao ukipita huwezi kuikosa. Neno chata lenyewe halikutoka Tokyo wala New York. Ni letu, ni alama ya mtu, hata ya fulana au ya kiatu. Kupiga chata ni kuweka yako. Siku hizi daladala hazipigwi chata kwa mkono. Kuna mashine ya stika, unachagua kwenye kompyuta, dakika ishirini inabandikwa, na haikosi nafasi ya E. Mabasi ya Mwendokasi, yaliyoanza 2016, hayana hata hizo. Kaka sasa anachora kuta za shule za chekechea: a ya ana, tembo, ramani ya Tanzania ambayo Pemba daima anaisahau mpaka mwalimu amkumbushe.

Mwaka 2002 Smilebit walitoa gemu la pili, Jet Set Radio Future, kwenye Xbox, mashine ya Microsoft, maana Sega hawakuwa tena na nyumba yao wenyewe. Nimelicheza wiki mbili kwenye mashine ya jirani. Ni kubwa zaidi, limenyooka zaidi, saa ya kuhesabu imeondolewa, polisi wamepunguzwa wakabaki kwenye mapambano maalumu. Na ukuta husimami tena. Unapita mbio, unabonyeza, rangi inaruka yenyewe ukutani, unaendelea. Ukuta mkubwa ni kubonyeza mara nyingi tu. Wapo watu, na ni wengi, wanaoapa kwamba hilo ndilo bora kati ya mawili, na kwa kuteleza peke yake sina ubishi nao. Ila nilipozima mashine nilijaribu kukumbuka ukuta mmoja niliouchora, hata mmoja, nikashindwa. Kwenye la kwanza ninaukumbuka kila ukuta ulionishinda. Nakumbuka hata polisi aliyenirukia alitokea upande gani.

Mwaka 2023 vijana wa Uholanzi, Team Reptile, walitoa Bomb Rush Cyberfunk, ambalo ni mtoto wa Jet Set Radio asiyeficha sura ya mzazi, na Naganuma mwenyewe aliwapa nyimbo. Nililipenda. Desemba ya mwaka huo huo Sega wakatangaza kwamba wanatengeneza Jet Set Radio jipya. Desemba iliyofuata, 2024, wakaliondoa lile la zamani kwenye maduka ya mtandaoni pamoja na magemu yao mengine ya kale. Aliyekuwa amenunua anaendelea kucheza, asiye nalo ndiyo basi. Ukuta umepakwa chokaa, na wanasema mchoraji mpya yuko njiani.

Kwa hiyo ninalo kwenye laptopu, na ndilo kaka alilolikuta siku alipokuja kunisalimia, mwezi wa pili huu. Alikaa kwenye kochi na chai yake, akaniangalia nikipambana na ule ukuta wa stendi. Hakuwa amewahi kuliona. Nilipokamatwa mara ya tatu akauliza:

"Mbona harudi nyuma kuangalia?"

"Nani?"

"Huyo. Anachora tu, anaondoka. Ukutani muda mwingi si wa kuchora, dogo. Ni wa kurudi nyuma na kuangalia. Hapo ndipo wanapokukamata."

Ni kweli. Beat harudi nyuma hata siku moja. Nimelicheza miaka yote hiyo sikuwahi kuliona hilo, na sasa silioni jingine.

Nikamwonyesha kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukitumia kwa maana yoyote: ndani ya gemu kuna ubao wa kuchora chata yako mwenyewe, ukaihifadhi, ukaenda kuipiga mitaani badala ya zile walizokuwekea. Ubao ni mdogo, rangi chache, na unachora kwa kijiti hicho hicho cha kushoto, kile chenye ugonjwa. Kaka akashika pedi kama mtu aliyeshika kuku wa jirani. Akajaribu mstari, ukavutwa kulia. Akafuta. Mwingine, ukavutwa kulia. Akakaa kimya, akatazama ule ubao kwa muda, akauweka mbali na macho, akausogeza tena.

"Kinakwenda kulia," akasema.

"Ndiyo, kaka, ni kibovu. Samahani."

"Basi naanzia kulia."

Akaweka E kwanza. Kubwa, nene, kwenye kona ya mwisho kabisa, imekaa siti ya dirishani. Kisha M, E, S, A, W, akirudi nyuma herufi moja moja, kila mstari akiuanzia mbali kidogo kushoto ili ugonjwa wa pedi umfikishe anapotaka. Chai ilipoa. Mke wangu alipita akauliza kama tumeacha kazi. Ilimchukua saa nzima na nusu, na WAACHE yake ilibanana kidogo upande wa mwanzo, lakini ilikuwepo yote.

Nikaihifadhi, nikaipeleka Shibuya-cho, stendi ya mabasi, ukuta ule ule. Nikasimama. Kopo likatoka. Juu, ikakubali. Duara zima, ikakubali. Nusu duara ya kushoto, ikakataa, na nyuma yetu zikaanza kusikika kelele, na bila kufikiri kidole changu kikaenda kwenye kitufe cha kukimbilia.

"Usiondoke," kaka akasema, amesimama, kikombe mkononi. "Imebaki moja."